Upande Walikohamia Watu

Deo aliponipigia simu kuniambia Mwalimu Kulwa amefariki, nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu Buhongwa nachambua mchele. Nikamwambia, "Haya," na vidole vikaendelea kutafuta mawe. Deo, nadhani alifikiri simu imekatika, akauliza kama nimesikia. Nimesikia, nikamjibu, masikio yangu bado mazima. Akasema mazishi ni keshokutwa Igoma, nyumbani kwa marehemu, na familia imeomba mmoja wetu tuliosoma kwake aseme maneno mawili matatu, na wamekubaliana niwe mimi kwa sababu tangu shuleni nilikuwa na mdomo. Nikauliza wamekubaliana akina nani. Akasema, "Mimi na wao, dada Koku. Nani mwingine amebaki?" Nikakubali haraka, hata yeye akashtuka. Hakujua nimekubali kwa nia gani. Nilikuwa nimeyabeba maneno yangu kifuani tangu nikiwa msichana, na sasa nilikuwa nimepewa kipaza sauti.

Nieleze tangu mwanzo kwamba mimi na Mwalimu Kulwa tuliishi mji mmoja miaka yote hii, yeye Igoma na mimi Buhongwa, na sikuwahi kukanyaga kwake. Nikipita barabara ya Musoma nilikuwa naiona karakana yake ya baiskeli, kibanda cha bati, matairi yaliyotundikwa, na mtungi mkubwa wa maji uliowekwa nje ukiwa na kata juu ya kifuniko. Nilikuwa nageuza uso upande wa pili. Watoto wangu walidhani nina deni na fundi baiskeli. Sikuwaeleza, kwa sababu ningeanza kueleza ningetakiwa kueleza mwaka mzima, nao ndio huu ninaouandika.

Wazazi wangu niwaache kando, hawahusiki. Itoshe kusema nilitoka Kagera nikaletwa kusoma Mwanza, na mwaka wangu wa mwisho, kidato cha nne, nilikuwa mmoja wa wanafunzi kumi na wawili waliochukua somo la sanaa za maonyesho katika shule ya bweni iliyokuwa nje ya mji, kati ya mawe na ziwa. Wenzetu wa sayansi walituita wachekeshaji. Hatukupewa darasa. Tulipewa stoo ambayo zamani ilihifadhi pamba ya shamba la shule, chumba kirefu kisicho na dirisha ila matundu juu ya ukuta, na nyuzi za pamba zilikuwa bado zimenasa kwenye mbao za paa. Ukipaza sauti zilidondoka. Nakumbuka nikitamka maneno mazito kabisa ya mama aliyefiwa huku pamba inaniangukia kwenye nyusi, na hakuna aliyecheka kwa sababu wote tulikuwa nayo. Chumba kilinuka dawa ya wadudu. Hadi leo nikipita mahali pana dawa ile, kitu cha kwanza kinachonijia ni sauti ya Mwalimu Kulwa ikisema, "Rudia. Hapo umesema, hujaumia."

Alikuwa mtu mwembamba, Msukuma wa upande wa Magu, mwenye shati moja la kitenge alilolivaa hadi likawa halina rangi. Hakupiga mwanafunzi, jambo ambalo siku zile lilitufanya tumwogope zaidi. Na alikuwa na namna yake ya kufundisha ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine, na mimi mwenyewe nimefundisha shule ya msingi hadi nikastaafu. Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma vya tangu zamani, Wagika na Wagalu. Baada ya mavuno vinakutana uwanja mmoja, kila kimoja na ngoma zake, vinacheza wakati uleule, na mwamuzi hakuna. Watazamaji wanasimama katikati na kila mtu anakwenda anakopendezwa. Wakikuhama, umeshindwa, na hakuna wa kumkatia rufaa. Mwalimu Kulwa akaichukua desturi hiyo akaileta kwenye maigizo. Wiki ya kwanza ya muhula alitugawa sita kwa sita. Mimi nikawa kiongozi wa Wagalu. Wagika wakapewa Maduhu.

Kila Ijumaa jioni, kabla ya chakula, shule nzima ilitoka uwanjani. Sisi tulicheza chini ya goli la upande wa ziwa, wao chini ya goli la upande wa mawe, igizo letu na lao yakianza kwa filimbi moja. Wanafunzi walikaa katikati kwenye nyasi, na kutoka hapo walihama walivyotaka. Mwalimu alisimama kwenye mstari wa kati, mikono nyuma. Hakuandika maksi. Alisema maksi ni miguu ya watu. Sijui kama mnaweza kuelewa maana ya kuhamwa katikati ya sentensi. Unamwangalia mtu machoni, unamwambia jambo, naye anainuka, anakung'uta nyasi makalioni na kwenda zake. Ijumaa ya kwanza nilipohamwa nilifanya kosa la kuwaita. Nikapiga kelele, "Jamani, bado haijaisha!" Mwalimu akanifuata baadaye kwenye stoo, akaniambia kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kofi, "Koku, mtazamaji hatongozwi. Na usihangaike na watoto, mtoto akihama atarudi, anafuata kelele. Waangalie wazee. Mzee anakuja uwanjani na kigoda chake. Akisimama tu, bado ni wako. Akikibeba kigoda, huyo humpati tena." Shuleni hatukuwa na wazee, tulikuwa na mpishi mmoja tu ambaye alikuja na ndoo aliyoigeuza kukalia, kwa hiyo mwaka mzima tulikuwa tunamchungulia mpishi na ndoo yake.

Nilijifunza haraka. Nilijifunza kwamba watu wanapenda kucheka, na kwamba msichana wa Kihaya akiigiza Mhaya mwenye majivuno, Wasukuma wote watakuja. Nilitembea kwa madaha, niliongea Kiingereza cha uongo, nilikataa kula michembe, viazi vikavu vya Kisukuma, jukwaani nikidai ndizi, na uwanja ukavunjika mbavu. Ijumaa baada ya Ijumaa watu walikuwa wangu. Wagika walibaki na marafiki zao na siku nyingine hata hao hawakubaki. Maduhu hakujua kuchekesha. Alikuwa mvulana mrefu, mweusi, mwenye weupe wa macho uliogeuka manjano, na alikuwa akiigiza polepole, anakaa kimya jukwaani hadi unataka kumsukuma. Nilimwonea huruma, ile huruma ya mshindi, ambayo haina gharama.

Maduhu alikuwa na sikoseli. Hilo halikuwa siri, shule nzima ilijua, kwa sababu hakuachana na kidumu chake cha manjano cha lita tatu. Mama yake alikuwa amekuja mwanzo wa mwaka kutoka kijijini, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, akawaambia walimu mmoja mmoja kwamba mwanawe anywe maji, asipigwe na baridi, asikimbizwe mchakamchaka, na akisema viungo vinauma asiambiwe mvivu. Nilikuwepo alipomwambia Mwalimu Kulwa, kwani ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi wanafunzi wa maigizo tulikuwa tunakula nyumbani kwa Mwalimu, vyumba viwili nyuma ya shule, mkeka sebuleni na picha moja ya harusi ukutani. Mke wake alikuwa ametupikia sato na ugali wa muhogo, na pembeni michembe ya karanga. Mama Maduhu hakutaka kula kwanza. Alisimama mlangoni, kidumu mkononi.

"Mwalimu, huyu kidumu chake ni hiki. Kisikauke."

"Hakitakauka, mama. Karibu ule."

"Sijamaliza. Huyu anasahau. Akipenda kitu anasahau mwili wake. Wewe usisahau."

"Nitamwangalia kama wangu."

"Sema tena."

Mwalimu akacheka, akasema tena. Ndipo mama akavua kandambili akaingia, akala kuliko sisi wote, akanichokoza kwamba sisi watu wa Kagera tunashika samaki kwa vidole viwili kama anauma. Maduhu alikuwa amejikunyata kwa aibu. Mimi nilikuwa nimeshiba na nimefurahi. Nawakumbuka wote kwenye mkeka ule na jinsi mama alivyokuwa anamtolea mwanawe miiba ya sato, mvulana mkubwa mwenye ndevu zinazoanza, naye anaupokea mnofu bila kubisha.

Karibu na mwisho wa muhula wa kwanza, Mwalimu alituita stoo akatuambia jambo lililobadilisha kila kitu. Kulikuwa na chuo cha sanaa kule pwani. Mtu aliyesoma naye alikuwa mkufunzi pale, na alikuwa tayari kumpokea mwanafunzi mmoja kwa neno la Mwalimu peke yake, asome, alale, ale. Mmoja tu. Siku ya wazazi, mwezi wa saba, wangealikwa wanakijiji wote wa jirani, watu wanaojua ngoma, na kiongozi atakayebaki na watu ndiye ambaye jina lake litakwenda. Nilihisi damu ikinipanda hadi masikioni. Nilikuwa nimeshinda muhula mzima, kwa hiyo niliona limekwisha, nilikuwa nimeshafunga sanduku langu kichwani. Tulipotoka, Maduhu alinisubiri kwenye mawe ya nyuma ya stoo, mahali tulipokuwa tunakausha nguo.

"Koku, wewe ukikosa utafanya nini?"

"Nitakwenda ualimu," nikasema. "Au nitaolewa. Kwani vipi?"

"Mimi jembe siliwezi. Ng'ombe siwezi kukimbiza, ziwani ndio kabisa, baridi inaniua. Nikilima siku moja nalala wiki. Nikikosa hiki nitarudi nikae kwa mama, nimtazame anavyolima." Akacheka kidogo. "Sikuambii uniachie. Nakuambia ujue tu kwamba siku hiyo sitacheza."

"Kwani hutacheza?"

"Nitacheza. Ila sitacheza mchezo."

Nikamwambia aache kunitisha. Alikunywa maji kwenye kidumu, akanipa na mimi, tukateremka kwenda kula maharage.

Igizo lake lilikuwa jambo dogo tu. Mzee mmoja kijijini, wakati wa ukame, anasema chini ya mahali fulani pana maji. Watu wanamcheka, wanakataa kumsaidia. Basi anachimba peke yake. Hakuna jembe jukwaani, hakuna shimo, anachimba hewani, igizo zima anachimba, na wenzake wanapita wanamwambia hili na lile. Nilipowaona wanajaribu stooni nilijua nimeshinda. Nani atakaa kwenye jua kutazama mtu anachimba? Lakini nilimsikia Mwalimu akimwambia, na maneno haya ndiyo nimeyabeba kifuani, "Usiigize kiu, Maduhu. Mtu anayeigiza kiu analamba midomo. Mwenye kiu hana mate ya kulambia. Kaa nayo, uone inafanya nini kwenye shingo." Alikuwa anatuambia hivyo sote. Kuhusu njaa aliniambia hivyohivyo, nikaruka uji asubuhi mbili, nikaona kweli sauti inabadilika. Lilikuwa fundisho zuri. Ila fundisho moja halifai kwa miili yote, na uliokuwa mbele yake ulikuwa mwili ambao mama mzima alisafiri kuja kuueleza.

Siku ya wazazi jua lilikuwa kali na ziwa limetulia. Wanakijiji walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, wanawake na watoto mgongoni, vijana na baiskeli zao, na wazee, wazee wa kweli, na vigoda vyao vya miguu mitatu. Mama Maduhu hakuja. Ilikuwa msimu wa pamba na mnunuzi alikuwa anapita kijijini kwao wiki hiyo, akabaki kuchambua. Wakati tunajipaka majivu kuwa wazee na wazazi, Deo, aliyekuwa upande wa Wagika, alikuja kutuazima kamba, akasema Maduhu hajanywa maji tangu jana jioni, anasema yuko tayari. Alisema kwa kujivunia kiongozi wao. Mwalimu alikuwa amesimama palepale, akasikia. Akaenda kwa Maduhu, nikawaona wanasemezana, na aliporudi kwenye mstari wa kati kidumu cha manjano kilikuwa mkononi mwake. Nikadhani, vizuri, amekishika ili ampe. Filimbi ikalia.

Mwanzoni walikuwa wangu wote. Nilikuwa bibi harusi ninayemkataa bwana harusi wakati ng'ombe wa mahari wameshafika zizini, na nilipowageukia ng'ombe kuwaomba msamaha mmoja mmoja, wanawake wa kijiji walishikana mabega kwa kicheko. Wazee wote walikuwa wangu. Niliwahesabu kwa jicho la pembeni huku naongea, vigoda vyote vimetazama kwangu. Kisha watoto wachache wakaondoka. Sikujali. Vijana wakafuata, na baiskeli zao. Nikapandisha sauti, nikaongeza madoido, nikaanguka makusudi. Wakacheka, lakini hata waliokuwa wanacheka walikuwa wanageuza shingo. Kilichonishangaza ni kwamba upande ule hakukuwa na kelele. Hakukuwa na kicheko wala makofi wala ngoma. Watu walikuwa wanavutwa na ukimya, na ukimya sikuwa na cha kushindana nao. Wanawake wakaondoka, wamebana watoto wasilie. Mwisho akainuka mzee wa mbele kabisa, mwenye kofia ya manyoya, aliyekuwa amecheka hadi akapangusa machozi. Alisimama. Nikamwangalia, nikasema sentensi yangu kwake yeye peke yake. Akainama, akakibeba kigoda, akaenda. Wengine wakabeba vyao.

Nilimaliza igizo langu mbele ya mbuzi wa shule na mwanamke mmoja aliyekuwa amelala. Ndivyo tulivyofundishwa, unamaliza. Kutoka pale nilipokuwa, sikuona chochote cha Maduhu. Niliona migongo ya watu, kanga, kofia, vichwa vya watoto mabegani. Nilimwona Mwalimu, kwa sababu yeye alikuwa bado kwenye mstari wa kati, kidumu mkononi, ameinua mguu mmoja kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Hakuvuka. Nilimchukia wakati huohuo, kwa sababu ya ushindi tu, nilidhani anafurahia nikihamwa. Kisha ule mduara wa migongo ukapasuka na mwanamke akapiga yowe, na hilo halikuwa yowe la igizo, mtu yeyote aliyewahi kufiwa analijua.

Deo alinisimulia baadaye, mara moja tu, na tangu hapo hajataka kulirudia. Maduhu alikuwa anachimba na maumivu yalimkamata katikati. Yeye Deo aliyaona, kwa kuwa alikuwa karibu, aliona magoti yanavyotetemeka na kifua kinavyopanda. Maduhu akageuka akamtazama Mwalimu, akakitazama kidumu, na akatikisa kichwa. Hapana. Wakati huo ndipo wazee walikuwa wanafika na vigoda. Mwalimu akabaki pale. Maduhu akaendelea kuchimba hadi akalala, na watu hawakupiga makofi kwa sababu hawakujua kama imekwisha. Walimpeleka mjini kwenye pikapu ya shule, amelazwa juu ya magunia, Mwalimu amempakata kichwa na anajaribu kumnywesha. Alifariki kesho yake hospitalini. Tulitangaziwa bwaloni wakati wa chakula cha mchana, maharage yameshapakuliwa, na mwalimu wa zamu alipomaliza kutangaza hakutuambia kama tule au tusile. Tukakaa. Baada ya muda mtu mmoja akaanza kula kwa sababu njaa haijui, na mimi nikamfuata, nikala nikilia, maharage yana chumvi ya machozi na sikuacha hata punje.

Kilichofuata kilikuwa kibaya kwa namna nyingine. Kule Usukumani watu wa ngoma wana dawa zao za kuvuta watazamaji, au ndivyo inavyosemwa, na mabwenini maneno yakaanza kwamba mchekeshaji aliyeshindwa mwaka mzima hawezi kubeba uwanja siku moja hivihivi. Eti mama yake alinunua dawa, na dawa imemrudi. Maneno yakafika kijijini kwao kabla ya jeneza. Hakuna jina lililokwenda pwani. Mwalimu aliondoka mwisho wa muhula bila kutuaga, stoo ikafungwa kufuli, na somo letu likafutwa ratibani kana kwamba halikuwahi kuwepo. Nilikwenda ualimu, kama nilivyomwambia Maduhu kwenye mawe. Sijawahi kupanda jukwaani tena, hata kanisani kwenye igizo la Krismasi nawaelekeza watoto nikiwa nimekaa. Nilimlaumu Mwalimu kwa yote. Bado namlaumu, kifo hakijafuta. Mtoto akitikisa kichwa, wewe ndiye mkubwa, unavuka huo mstari unamnywesha maji kwa nguvu, watu wahame wasihame.

Basi nilikwenda Igoma na hayo maneno yamepangwa kichwani. Turubai lilikuwa limejaa. Mshereheshaji alisoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, alisoma, alifundisha, "baadaye akaacha ualimu kwa sababu za kiafya na kujiajiri kwa ufundi." Nikatabasamu kwa uchungu. Afya ya nani? Jirani mmoja akasimama akasema marehemu alikuwa mtu wa maji, kwamba kwa miaka yote mtungi wa pale nje haukuwahi kukutwa mkavu, na mpita njia akikataa kunywa marehemu alikuwa anakasirika, anamfuata na kata mkononi hadi barabarani. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani. Mimi sikucheka. Niliutazama ule mtungi kwa mara ya kwanza bila kugeuza uso, na nikasikia jina langu likiitwa.

Nikasimama, nikashika kipaza sauti, nikawatazama. Na pale mbele kwenye mkeka wa wanawake, karibu kabisa na mjane, nikamwona kikongwe mfupi amenyoosha miguu, kanga begani, ameinua uso akinisubiri. Sikuhitaji kuambiwa kwamba ni Mama Maduhu. Mdomo wangu wote niliosifiwa ukakauka. Nikasema alikuwa mwalimu wetu, alitufundisha kwenye stoo ya pamba, Mungu ampokee. Nikakaa. Deo akanitazama kwa mshangao wa mtu aliyetegemea mvua ya mawe akapata manyunyu.

Baada ya mazishi, wakati wali unapakuliwa, mjukuu mmoja akanivuta mkono, bibi anakuita. Nikapiga goti pale mkekani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni yule wa samaki kwa vidole viwili."

"Ni mimi, mama."

"Mzee wa huyu alikuwa anakuja kwangu kila mwaka baada ya mavuno," akasema, akimwonyesha kwa kidevu mjane aliyekuwa kando yake. "Anakaa, analia, anakwenda. Nikamwambia, mwalimu, kulia umelia, sasa nisimulie. Hawezi. Deo naye nilimuuliza, akalia. Walimu walikuja, wakaniomba msamaha. Nyumbani wakasema nilinunua dawa. Dawa niliyompa mwanangu ilikuwa ya hospitali, na maji. Watu wote wananiambia alivyokufa, ng'wana wane, mwanangu. Hakuna aliyeniambia alivyocheza." Akanishika kiganja. "Wewe una mdomo. Alicheza vizuri?"

Nilijua ningeweza kumdanganya, nilifundishwa kazi hiyo. Sikuweza.

"Sikumwona, mama. Mimi nilikuwa kiongozi wa upande wa pili."

"Hukumwona hata kidogo?"

"Niliona migongo tu. Watu walikuwa kwangu, wanacheka. Wakaanza kuondoka watoto, halafu vijana, halafu kina mama. Wote wakaenda kwake. Hakuna aliyewaita, mama, na hakukuwa na ngoma. Walikwenda kwa miguu yao."

Bado alikuwa amenishika. Kisha akaniuliza, polepole, kama mtu aliyekulia pembeni mwa viwanja vya ngoma na anajua cha kuuliza.

"Na wazee?"

"Wazee nao."

"Walisimama tu?"

"Walibeba vigoda, mama. Nilimwangalia wa kwanza machoni, akakibeba, akaenda. Hakuna aliyerudi."

Aliniachia mkono. Akajipangusa uso na pindo la kanga, akaketi wima, akamgeukia mjane wa Mwalimu Kulwa, akamgusa goti, na kwa sauti yake ileile kubwa ya mlangoni, iliyofanya hata wanaume chini ya turubai wageuke na sahani zao, akamwambia, "Umesikia? Wazee walibeba vigoda."